Nta ya Kibuyu cha Nyamizi

Kaeni vizuri, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Leo nina fundo ambalo peke yangu nimeshindwa kulifungua.

Kila mwaka, baada ya mavuno, watu hukusanyika nje ya Tabora, wakatembea siku nne kama wapagazi wa zamani: mzigo begani, makubazi ya ngozi miguuni, bila kiberiti wala nailoni.

Katika msafara huo walikuwamo watatu. Kasanda alijenga kibanda cha nyasi kabla wewe hujamaliza kutafuna muhogo. Wande alijua kupekecha moto kwa vijiti viwili. Mwinshehe, Mzaramo, alikuwa na sauti ya kuisahaulisha miguu uchovu.

Nyamizi, Mnyamwezi, alikuja kwa mara ya kwanza. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, akafia njiani. Yeye alitaka kuimalizia safari ile kwa miguu yake mwenyewe. Kambi ya kwanza akafungua mzigo: hema la nailoni, rangi ya chungwa, na kiberiti.

Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, akalizunguka hema. "Binti, babu yako alilala ndani ya chungwa?"

Watu wakacheka. Kirangozi hakucheka. "Sheria unaijua. Jua likizama nawe huna kibanda wala moto, lori linalotufuata nyuma litakurudisha mjini."

Nyamizi akaanza kulikunja hema, polepole.

Kasanda alikuwa amekata nyasi za kibanda chake tangu mchana. Akazibeba zote, akamjengea Nyamizi.

"Na wewe utalala wapi, kaka?"

"Mgongo ninao, na ardhi ipo."

Wande naye akapiga magoti mbele ya kibanda hicho, penye upepo. Akapekecha, cheche zikazima. Akapekecha tena, mpaka viganja vikachubuka. Jua lilipogusa miti, moshi ukapanda. Kesho yake hakuweza kushika hata mwiko.

Siku ya tatu, malengelenge yakampasukia Nyamizi. Akaketi njiani. Lori likasimama kando yake, mlango wazi. Mwinshehe alikuwa mbele kabisa, karibu na kirangozi, nafasi aliyoingoja miaka sita. Akaiacha, akarudi nyuma.

"Mnyamwezi amekalia mzigo wake," akasema. "Nyumbani nikisimulia hawataamini."

"Nyamaza, mtani. Ninyi tuliwabebea hata mito ya kulalia."

"Basi inuka unibebe na mimi."

Akainuka, anacheka huku analia. Mwinshehe akamwimbia hatua kwa hatua, siku hiyo na kesho yake. Walifika wa mwisho, lakini walifika.

Sasa, desturi ya msafara ni hii: mgeni akifika, hutoa kibuyu cha asali kilichozibwa kwa nta. Asali hulambwa na wote. Lakini nta huvunjwa na mmoja tu, yule aliyemfikisha, na jina lake huimbwa kila mwaka msafara unapoondoka.

Nyamizi akasimama na kibuyu. "Asanteni," akasema, akawageukia wale watatu.

"Mpe Wande," akasema Kasanda. "Kibanda bila moto kingemfaa nini?"

"Mpe Mwinshehe," akasema Wande. "Mimi niliwasha moto, sikutembea kwa niaba yake."

"Mpe Kasanda," akasema Mwinshehe. "Aliyelala kwenye umande ni yeye."

 

Msiniambie wote watatu. Nta haivunjwi kwa mikono mitatu. Kibuyu bado kiko mikononi mwa Nyamizi, na asali inangoja. Je, ungekuwa wewe, ungemkabidhi nani?