Mgeni Aliyebeba Hadi Chumvi Yake

Bwana asifiwe, wapendwa. Sogeeni karibu, maana leo hakuna spika, na sauti yangu mnaijua ilivyo.

Najua mioyo yenu iko wapi asubuhi hii. Iko ng'ambo ya mto, kwenye lori. Daraja limekatika, nasi jana tumevuka kwa miguu, nguo zimetushika mwilini. Mchele umebaki kule. Mahema yamebaki kule. Mabati tuliyokuja kuezekea kanisa la ndugu zetu hawa yamebaki kule. Kinanda cha Ambakisye nacho kiko kule, na mwalimu wetu huyu wa kwaya tangu jana ana sura ya mtu aliyefiwa. Wengine mmenifuata mkaniuliza kwa upole, "Mchungaji, si turudi tu, tuje mwakani tukiwa tumejipanga?" Jana sikuwajibu. Nawajibu sasa.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kuchimba visima. Fundi kweli, na moyo mzuri. Akasikia kuna kijiji nyuma ya milima ambako watu na ng'ombe wanakunywa kwenye dimbwi moja, na watoto wanaharisha hadi kufa. Akaumia. Akasema, "Nitakwenda kuwachimbia kisima, tena bure." Mpaka hapo mnamwona na kosa? Mimi silioni.

Sasa angalieni alivyofungasha. Akabeba sururu, koleo, kamba na ndoo. Akabeba hema. Akabeba unga, maharage, mafuta, sufuria. Akabeba hadi chumvi! Mkewe akamuuliza, "Baba, kwani huko hawali chumvi?" Akasema, "Wale watu wana shida zao. Sitaki kumlemea mtu."

Akafika, akapiga hema lake kando, akaanza kuchimba. Asubuhi akaja mama mmoja na bakuli la viazi vitamu na maziwa ya mgando, amelifunika kwa kitambaa safi. Mama huyo alikuwa amezika mtoto mwaka huohuo kwa sababu ya maji ya lile dimbwi. Akapiga goti, akasema, "Karibu, mgeni wetu. Ule kwanza."

Fundi akafuta jasho, akatabasamu. "Asante sana, mama. Mimi nimekuja na chakula changu. Usijisumbue kabisa."

"Haya, baba," mama akasema. Akachukua bakuli lake, akarudi nalo nyumbani.

Jamani, ninyi mmezaliwa huku huku kwetu. Mtu akikataa chakula chako, amekuambia nini? Amekuambia, "Nakuogopa. Sijui umetia nini humu." Fundi hakumaanisha hivyo, maskini wa Mungu. Lakini kabla ya mchana habari zilikuwa zimefika kila jiko.

Basi wakawa wanapita. "Pole na kazi, fundi." "Asante." Na mtu anaendelea na safari yake. Hakuna aliyeshika kamba. Utashikaje kamba ya mtu anayekuogopa? Ikikatika, udongo ukamfukia huko chini, polisi utawaeleza nini?

Na kisima hakichimbwi na mtu mmoja. Mmoja awe chini, mwingine avute juu. Fundi wetu akajaza ndoo chini, akapanda kwa vidato alivyochonga ukutani, akaivuta, akaimwaga, akashuka tena. Shimo likampita kimo. Akagonga mwamba. Nguvu zikamwishia na maji hayaonekani. Akakaa juu ya kifusi chake, akaanza kunung'unika: "Watu gani hawa? Nawachimbia wao, na wao wananitazama tu! Hawana shukrani kabisa." Mmeshawahi kuisikia sala ya namna hiyo? Mimi nimeisikia kwenye safari za injili, tena inaombwa kwa Kiswahili safi.

Siku moja, akiwa shimoni, nyani wakashuka mlimani. Wakapasua hema. Maharage wakala, unga wakaumwaga, sufuria wakaitupa korongoni. Fundi alipopanda juu alikuta nyani dume amekalia gunia, anamtazama kama mwenye nyumba.

Akavumilia kutwa nzima kwa maji matupu. Kesho yake miguu ikagoma. Akafikiria kurudi kwao, lakini mtu mwenye njaa haivuki milima ile. Ndipo akajikokota hadi kwenye mlango wa yule mama, na neno alilokwenda kusema lilikuwa zito kwake kuliko ndoo zote alizovuta.

"Hodi."

"Karibu, baba."

"Mama, nina njaa."

Mama hakumcheka. Alitoka uani, akapaza sauti hadi kwa majirani: "Jamani eee! Njooni, tumepata mgeni!"

Jirani akaitikia kutoka kwake, "Mgeni gani tena?"

"Fundi wa kisima!"

"Si alifika siku nyingi huyo?"

"Amefika leo," mama akasema. "Siku zile alikuwa anapita."

Wakaja. Huyu na ugali, yule na majani ya maboga, mwingine na kuku ambaye asubuhi alikuwa bado anadonoa uwanjani. Fundi akala mpaka akaona haya. Na wakati wa kunawa, baba mwenye nyumba akamuuliza, "Hivi, fundi, kisima chetu kimefikia wapi?"

Chetu! Mmesikia? Kulipopambazuka, shimo lilikuwa limezungukwa. Wanaume wako kwenye kamba, wanawake wanabeba udongo, vijana wanashuka kwa zamu. Ule mwamba uliomtoa fundi machozi ukapasuka. Likaja tope, kisha yakaja maji, safi na ya baridi, na vigelegele vikasikika hadi vijiji vya jirani. Kikombe cha kwanza akapewa yule mama. Akanywa, akalia, halafu akacheza mbele ya watu wote.

Sasa niambieni, wapendwa. Kijiji kile kilifunguliwa na nini? Na sururu? Sururu alikuwa nayo tangu siku ya kwanza, na milango ilibaki imefungwa. Kilifunguka siku aliyobisha hodi hana kitu. Msije mkaenda kusema mchungaji amehubiri nyani. Simsifu nyani. Namsifu Mungu, ambaye hata gunia letu likimwagika, kazi yake haimwagiki!

Na sisi je? Kwenye kikao cha maandalizi tulikubaliana, tena kwa makofi, kwamba tusile hata punje ya wenyeji. Tulikuwa na nia njema. Lakini Bwana alipowatuma wanafunzi wake wa kwanza, aliwaambia wasibebe mkoba, bali wale kinachowekwa mbele yao. Tukadhani anawapunguzia mizigo. Kumbe alikuwa anawafungulia milango!

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba tumeshindwa. Mto umechukua daraja, wito wetu haukuuchukua. Tusekile, wewe ni muuguzi. Dawa ziko kwenye lori, lakini mikono yako umevuka nayo. Ninyi wa kwaya, sauti zenu zilibaki kwenye kinanda? Amina? Hiyo amina ni ya watu walioshiba. Nipeni ya wenye njaa! Amina!

Alfajiri hii mzee wa kanisa wa hapa amekuja kuniona. Amesema wanaume wake wanapajua pa kuvukia mto, maji yanaishia magotini, na wako tayari kuyabeba mabati kwa vichwa vyao. Nikataka kushangilia, akanizuia. Akasema kuna jambo akina mama wanataka kulijua kwanza, maana uji uko jikoni na viazi viko motoni, nao wanaona haya kuwauliza wageni wa mjini: je, hawa watu watakula kwetu?

Nimemjibu kwa niaba yenu wote, pamoja na Ambakisye. Nimemwambia tuna njaa.

Simameni, wapendwa. Twendeni tukanawe mikono.