Sawa ya Upande Gani?

Ndugu zangu, alikuwapo mkuu mmoja wa stesheni ya reli, stesheni ya mwisho kabla ya mpaka. Mtu mpole, mchapa kazi, kofia yake haikai upande. Mkewe alimtoa ng'ambo ya mpaka, na wakwe zake waliishi hukohuko, mwendo wa saa moja kwa treni.

Reli ilikuwa moja ila nchi zilikuwa mbili, na kila nchi ilikuwa na ishara zake. Mwisho wakubwa wa pande zote wakakaa kikao, wakasema yatosha. Taa zikawa za aina moja, bendera za aina moja, kitabu cha kanuni kimoja. Watu wakapiga makofi. Kumbe kuna kitu walikisahau. Mnajua nini? Neno "sawa".

Asubuhi moja mwenzake wa ng'ambo akampigia simu. "Natoa treni ya abiria."

"Sawa," akajibu.

Kwake yeye, hiyo ilikuwa na maana ya "nimekusikia, ngoja nitazame kama njia ni tupu". Kwa mwenzake ilikuwa na maana ya "njia ni tupu, itoe". Na njia haikuwa tupu, treni ya mizigo ilikuwa imeshaondoka kutoka upande huu. Bahati nzuri madereva walionana mahali reli iliponyooka. Treni zikasimama zikitazamana, katikati pamebaki hatua mia. Hakufa mtu. Lakini yule bwana alikwenda mpaka pale, akayaona madirisha ya mabehewa, na nyuso za watoto ndani yake.

Ikaja kanuni mpya kwa nchi zote mbili: "sawa" ni marufuku kwenye simu. Ukiambiwa jambo, lirudie kama ulivyoambiwa, kisha useme utafanya nini. Akaishika barabara. Kazini ulimi wake haukuteleza tena.

Je, nyumbani?

Mwaka uliotangulia mkewe alikuwa amemwambia, "Baba yangu anaumwa. Nataka Ijumaa unipeleke nikamwone." Akajibu, "Sawa." Mama wa watu akafunga mzigo. Ijumaa mume akaamkia zamu, maana sawa yake ilikuwa ile ya nimesikia. Jumapili ikaja habari ya msiba. Yule mama hakugomba. Aliufungua mzigo, akarudisha nguo kabatini, moja moja.

Basi wiki ileile ya kanuni mpya, wako mezani, mkewe akasema taratibu, "Mama amelazwa. Nataka Ijumaa twende wote."

"Sawa," akasema mume, huku anamega ugali.

Mkewe, ambaye habari za ile simu zilikuwa zimeshamfikia, akamtazama. "Baba Tumaini, hiyo sawa ni ya upande gani?"

Tonge likabaki mkononi. Akaliweka chini, akanawa, akasema kama anavyosema kwenye simu: "Mama amelazwa. Unataka Ijumaa twende wote. Kesho asubuhi naomba ruhusa kazini, na Ijumaa tunakwenda."

Mkewe akalia. Miaka kumi na minne ya ndoa, na hakuwa amewahi kusikia maneno yake yakimrudia kutoka kinywani mwa mumewe.

Mnacheka. Chekeni tu, ila mke wangu yuko pale mbele, na tafadhali msimuulize chochote leo.

Maana sisi nasi tunalo neno letu. Kila Jumapili tunaambiwa hapa: mtembelee mgonjwa, msamehe ndugu yako, mpokee asiye na kwao. Tunaitikia wote, "Amina." Amina hiyo ni ya upande gani? Mungu akiisikia anaipokea kuwa njia ni tupu, anaitoa treni, na ndani yake mna watu: mjane, yatima, ndugu uliyekosana naye. Wako njiani wanakuja kwako. Na sisi tulikuwa na maana kwamba tumesikia tu.

Kwa hiyo leo nikimaliza, msiniambie Amina. Nyumbani kwako kuna mtu alikuambia jambo, ukamjibu sawa. Nenda ukamrudie maneno yake. Kisha mwambie utafanya nini, na siku gani.