Akili ya Sungura na Miguu Yake

Mwaka huo jua liliweka kambi nyikani kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ilikauka, visima vikafuata, likabaki dimbwi moja tu, tena la maji mazito. Simba akatoa amri: wanyama wote wapange foleni, kila mmoja anywe mafunda saba, kisha ampishe mwenzake. Watoto walikuwa wakifa kwa kiu, kwa hiyo hata Fisi, ambaye hajashiba tangu azaliwe, alihesabu mafunda yake.

Sungura hakuhesabu. Kwa maoni yake, foleni ni ya wasio na akili. Alikusanya maganda makavu ya mbaazi, akayafunga kwenye ugwe, akajificha majanini na kuyatikisa. Chaka-chaka-chaka! Foleni nzima ikatimka. Swala walirukiana, nyumbu wakakanyaga hata ndama wao, na Simba mwenyewe akakumbuka ghafla kwamba ana wageni nyumbani. Aliondoka kwa hatua za heshima, ila ndefu mno. Sungura akatoka, akanywa mpaka tumbo likaning'inia, kisha akaoga humohumo, fedhuli mkubwa!

Siku ya tatu Fisi alirudi kutafuta mfupa aliouangusha, akamkuta Sungura majini.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi, na ni ujinga wenu," Sungura alijibu huku akijisugua kwapa. "Hebu fikiri, Fisi. Zamani majani yalipochakacha, wapo waliosimama wakauliza, 'Nani huyo?' Hao waliliwa. Waliokimbia kwanza wakauliza baadaye ndio waliobaki, wakazaa. Sasa wajukuu wamejaa woga hadi kwenye kwato, na hawajui umetoka wapi. Hata wewe unabugia hivyo kwa sababu fisi wa zamani wasiobugia walikufa njaa."

"Na wewe je?"

"Mimi nayajua haya yote. Hayaniwezi."

Fisi alipewa mfupa wake ili anyamaze, akanyamaza. Lakini kando ya maji palikuwa na jiwe moja, nalo halikuwa jiwe. Alikuwa Kobe. Kwao hawakimbii, wakishtuka huingia ndani ya gamba na kutulia. Alikuwa ametulia pale akisikia kila neno.

Kesho yake Kobe alisema yote mbele ya foleni. Nyumbu mmoja, aliyefiwa na ndama katika ule mkanyagano, alitaka Sungura apondwe papo hapo.

"Mniponde kwa kosa gani?" Sungura alibeua midomo. "Majitu mazima mnakimbia maganda ya mbaazi!"

Simba aliangalia pembeni.

"Mzee Simba," Kobe alisema, "tumpe nafasi. Asimame ukingoni, mimi nitatikisa nyuma yake. Asipokimbia, dimbwi ni lake. Akikimbia, atakunywa wa mwisho mpaka mvua inyeshe."

Simba alikubali, na Sungura akacheka hadi machozi yakamtoka. Akasimama kifua mbele. Kobe alizunguka polepole, akayashika maganda.

"Niko nyuma yako, bwana. Ni mimi, Kobe. Natikisa sasa."

"Tikisa, babu, tusicheleweshane."

Chaka!

Sungura alijikuta juu ya kichuguu cha pili, masikio yamelala mgongoni, moyo unamdunda. Wanyama waliangua kicheko. Yule nyumbu hakucheka.

"Nilikuja... nilikuja kuangalia upepo unatoka wapi," Sungura alisema. Akashuka taratibu kwa aibu. "Lakini nilijua ni wewe!"

"Wewe ulijua," Kobe alisema. "Miguu hakuna aliyeiambia."

Basi Sungura akapelekwa mkiani, nyuma ya Fisi, ambako hata tope lilikuwa la kugombania. Huko alilamba ardhi mpaka mvua iliponyesha, na bado alimweleza kila aliyepita kwamba yeye si kama wengine. Ukikutana na mtu wa namna hiyo, anayejua chanzo cha ujinga wa kila mtu isipokuwa wake, usibishane naye. Zunguka nyuma yake upige makofi mara moja, uone atakavyoruka.