Firigisi ya Mama Shivachi

Mwenye haraka aondoke sasa, maana hadithi hii ni nyepesi kuisikia na nzito kuiamua, na mimi sitaiamua kwa niaba ya mtu.

Palikuwa na Shivachi, mwana pekee wa mjane mmoja wa Khayega, karibu na Kakamega. Alichezea timu ya raga ya jeshi, namba nane, yule anayesukuma skramu, lile rundo la wachezaji wanaosukumana, kutoka nyuma. Alikuwa mchezaji hasa! Akishika mpira, wapinzani wawili hawakutosha kumwangusha. Timu hiyo ilikuwa na wengine watatu wa kutajwa. Mutinda alicheza fulbeki, mtu wa mwisho nyuma, na macho yake yaliona pengo kabla halijafunguka. Mwachiro alikuwa winga, na mbio zake zilimchosha hata refa. Ekal alikuwa prop, nguzo ya mstari wa mbele, mnene wa shingo, mzito wa miguu, lakini akikubeba umebebwa.

Vita vilipozuka mpakani, wote wanne wakaacha mpira wakashika bunduki.

Siku moja msafara wao wa malori ukashambuliwa. Askari wakaruka, wakajitupa mtaroni. Lori la mbele likashika moto, dereva amekwama ndani. Shivachi akarudi peke yake, akamvuta dereva yule nje, akamwambia, "Kimbia!" Dereva akakimbia, akapona. Shivachi akapigwa risasi ya paja, akaanguka nyuma ya lori, moshi ukamfunika. Kule mtaroni kila mtu alidhani Shivachi yuko karibu na mwingine.

Mutinda ndiye aliyeona pengo. Alitazama safu, akaona namba nane hayupo. Ili kujua aliko ilibidi asimame wima, naye akasimama, risasi zikimpita kama nyuki.

"Yuko nyuma ya lori, kushoto!" akapiga kelele, na papo hapo kipande cha chuma kikamwingia begani. Bila yeye, hakuna ambaye angejua pa kumtafuta.

Mwachiro ndiye aliyefika. Alikatiza uwanda mtupu akiyumba kushoto, akiyumba kulia, kama alivyozoea kuwahangaisha mabeki. Akamkuta Shivachi anavuja damu vibaya. Akavua mshipi wake, akamfunga paja, akaukaza kwa goti. Daktari alisema baadaye kwamba angechelewa kidogo tu, angefunga maiti. Lakini Mwachiro ni mwepesi wa mwili. Alijaribu kumwinua akashindwa, na moto ulikuwa unalielekea tangi la mafuta.

Ekal ndiye aliyembeba. Yeye hajui kukimbia, na timu nzima ilimcheka kwa hilo miaka yote. Basi alitembea. Akatembea kwenda, akamtia Shivachi begani, akatembea kurudi, na aliposhuka mtaroni lori likalipuka. Sikio lake la kulia halijasikia kitu tangu siku ile.

Shivachi alipona, ingawa amebaki na mguu mmoja. Trai, lile bao la raga, hatafunga tena. Lakini ukimwona sokoni na magongo yake, kifua mbele, utadhani amebeba kombe, na mimi namwambia: unastahili, ndugu yangu.

Mama yake akawaalika wale watatu, akachinja jogoo. Sasa, kwetu mnajua: jogoo ana firigisi moja, na firigisi ni ya mwanaume wa boma. Haikatwi, haigawanywi. Mama Shivachi akaiweka katika sahani ya peke yake.

"Wanangu," akasema, "mimi nilizaa mara moja tu. Atakayekula hii leo ni mwanangu wa kwanza, kaka mkubwa wa Shivachi. Boma hili litamsikiliza yeye. Nikifa, yeye ndiye atakayenitupia udongo wa kwanza. Haya, semeni ni ya nani."

Ekal akaisukuma sahani. "Mama, mimi nilibeba mtu aliye hai. Aliyemweka hai ni Mwachiro."

Mwachiro akaipitisha. "Mimi nilikimbilia nilikoelekezwa tu, Mama. Mpe Mutinda."

Mutinda akairudisha kwa Ekal. "Kuona niliona. Lakini macho hayabebi mtu."

Shivachi akaangua kicheko. "Hawa hata mezani wanapasiana!"

Mama yake hakucheka. "Nawauliza jambo la kufa na kuzikwa, ninyi mnanichezea mpira? Shivachi, amua wewe. Damu ilikuwa yako."

Shivachi akawatazama mmoja mmoja. Alijivunia watu wale kuliko medali aliyopewa na jeshi, na machozi yakamtoka bila haya.

"Mama, nikimpa mmoja, nimepoteza kaka wawili."

"Na usipompa yeyote," mama akajibu, "neno nimeshalitoa: udongo wa kwanza atanitupia nani?"

Mchuzi ukaanza kuganda.

Haya, ninyi mlioketi hapa mkitikisa vichwa, msiniangalie mimi. Ungekuwa wewe Shivachi, sahani ile ungeisogeza mbele ya nani? Na wale wawili ungewatazama usoni vipi?