Nguchiro Alivyoitikia Hodi za Watu

Hapo kale sana, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na milango yao, paliishi kijana Nguchiro, jina lake Chande. Ndevu ndiyo kwanza zinachomoza, na kila jioni anajipaka mafuta ya nazi kichwani. Anatafuta mchumba, huyo.

Lakini bahati hana. Alimtoa binti Twiga matembezi, maneno yake yote matamu yakaishia magotini. Alikwenda kwa binti Kobe akapiga hodi asubuhi. Binti alipofika mlangoni, jua limekuchwa. Ngomani, mzee Tembo alimshika mkono akamrudisha kwa mama yake, akidhani ni mtoto aliyepotea. Watu walicheka wakashika mbavu. Chande naye alicheka, kisha akaenda kulala bila kula, kwa upweke.

Akabaki Mwatumu, binti Digidigi, ambaye humtazama machoni akimsalimia. Siku ya sikukuu Mwatumu akawaalika vijana wote waje kula visheti alivyopika mwenyewe.

"Wote?" Chande alijisemea. "Kiboko na Nyati wakishakaa sebuleni, mimi nani ataniona?"

Desturi ya kule, mgeni hapiti mlango mpaka aitikiwe karibu. Akiambiwa mwenyewe hayupo, anageuka, wala haulizi mara mbili. Siku hiyo bibi yake Mwatumu, mwitikiaji wa hodi, alikuwa amesinzia. Mwatumu yuko jikoni uani, mafuta yanalia chwaa, hasikii kitu. Chande akajibanza nyuma ya pipa la maji, kando ya mlango.

Tindi, tindi, tindi. Kiboko na Nyati hao, kanzu zimepigwa pasi.

"Hodi! Shikamoo, bibi."

Chande akatoa sauti ya kikongwe. "Marahaba, wajukuu zangu. Mwatumu hayupo, kaenda kwa shangazi yake."

"Na mimi leo nimeoga kwa sabuni," Kiboko alimwambia Nyati kwa huzuni. Wakaondoka.

Akaja Pundamilia, akarudishwa. Akaja Ngiri, naye vilevile. Njia ilipokuwa nyeupe, na mafuta yamenyamaza jikoni, Chande akajipangusa vumbi, akapiga hodi kwa sauti yake.

Mwatumu akatoka mbio. "Karibu, Chande. Wenzako wako wapi?"

"Sijui. Labda wamesahau."

Akaketi peke yake kwenye jamvi refu, mbele yake sahani zimejaa. Akala. Akasema maneno mazuri aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima. Mwatumu aliitikia "ehee", macho mlangoni.

"Nimeamka alfajiri kupika," Mwatumu akasema mwishowe. "Nilikuwa naogopa kualika. Nilijiambia, nani atakuja kwangu mimi? Kumbe kweli, hakuna anayenitaka." Machozi yakamtoka.

Chande akarudisha kisheti sahanini. Maneno hayo aliyajua. Alikuwa akijiambia yeye mwenyewe kila usiku. Sasa yuko na msichana anayempenda, wawili tu kama alivyotaka, na hajawahi kuwa mpweke hivi.

"Walikuja," akasema. "Mimi ndiye niliyewafukuza, kwa sauti ya bibi."

Mwatumu akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Nenda kawaite."

Chande alikwenda mlango hadi mlango, akieleza kosa lake upya kila alipofika. Kiboko alicheka tumbo likatikisika, puu, puu, akasahau hata kumpiga. Wakaja wote. Nyumba ikajaa vicheko, na Mwatumu akang'aa uso. Chande alifika wa mwisho, akapata nafasi pale mlangoni, kwenye viatu vya wageni.

Mwatumu akapitisha sinia. Akampa Nyati, akampa Ngiri, akampa Kiboko mara mbili. Alipomfikia Chande, alimtazama machoni, kwa upole kabisa.

"Wewe umeshakula," akasema, akapita.

Basi, wanangu, anayemfukuzia mwenzake wageni hubaki mgeni wake siku zote.