Miksa ya Kuuza na Kitufe Kilichonasa

Kaeni vizuri, wapendwa. Mtu nitakayewasimulia nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo mtu asianze kumkonyeza jirani yake. Ukimwona anafanana na mtu fulani, jiangalie kwanza.

Kulikuwa na mwenye studio mmoja, fundi wa kurekodi muziki. Alikuwa na miksa ya zamani, ile meza kubwa ya kuchanganyia sauti, yenye vifundo na vitelezi vingi kama meno, na mbao nzuri pembeni. Ilitengenezwa wakati kompyuta hazijaingia kwenye muziki. Vijana wetu wa mitambo pale nyuma naona mnatabasamu. Subirini, tabasamu litawaisha.

Meza hiyo ilimlisha mtu huyo miaka mingi. Kwaya za mji mzima zilipita mbele yake. Lakini mambo yakabadilika, kila kijana akawa anarekodi kwa kompyuta chumbani kwake, na studio ikabaki na buibui. Mwenyewe akaamua kuiuza meza, maana ndiyo mali pekee iliyobaki ya kumwanzishia maisha mengine. Mafundi wenzake walikuja kuitazama. Wakajaribu njia za sauti moja moja, wakafika upande wa kulia, wakatikisa kichwa na kuaga. Upande ule wa kulia ulikuwa umekufa. Ukichomeka maikrofoni hapo ni sawa na kuichomeka ukutani.

Kulikuwa na ugonjwa wa pili, mdogo. Meza ile ilikuwa na kitufe cha fundi kusemea na waimbaji. Ninyi mnajua waimbaji hukaa chumba chao, ng'ambo ya kioo, wamevaa hedifoni masikioni. Fundi akikibonyeza kitufe, sauti yake inawaingia masikioni. Akikiachia, anabaki peke yake na maneno yake. Sasa kitufe hicho kilikuwa na tabia ya kunasa, na taa ndogo nyekundu ya kumwonya kuwa bado anasikika ilishaungua zamani. Hakuibadilisha. Alisema anakijua kitufe chake.

Basi alipoona wanaojua hawanunui, akatafuta wasiojua. Akamchukua dalali mmoja, mdomo mtamu, naye dalali akamletea nani? Akamletea kwaya. Kwaya ya akina mama ya kanisa moja, pamoja na kiongozi wao, mama mtu mzima ambaye nyimbo zake za kwanza zilirekodiwa kwenye meza hiyohiyo. Wenzake kadhaa wa siku zile walishalala, na sauti zao zimebaki kwenye nyimbo zile tu. Mama huyo aliamini kwamba meza ile inawakumbuka. Akina mama wakachoma mahindi, wakauza vitenge, wakachangishana mpaka wakafikia bei, ili kanisa lao liwe na studio na wazee waliobaki warekodiwe kabla hawajaondoka.

Siku ya kuja kuijaribu, yule fundi alijiandaa. Alipaka mbao mafuta. Mafundi wana desturi ya kubandika utepe wa karatasi chini ya vitelezi na kuandika: soprano, alto, gitaa, ili wasisahau nani yuko njia ipi. Akabandika utepe mpya. Upande wa kushoto, ulio hai, akaandika sauti za wale mama. Upande wa kulia, uliokufa, akaandika neno moja: akiba.

Yule mama alipousoma utepe akafurahi, akawaambia wenzake kwamba huyu ndugu ni muungwana, hata akiba amewawekea. Nawauliza, wapendwa, mtu anasimamaje wima akisifiwa hivyo? Lakini alisimama. Akasema asante, mama.

Wakaingia chumba cha kuimbia, wakavaa hedifoni. Fundi akakaa mezani na dalali pembeni yake. Akabonyeza kitufe kwa furaha ya mtu anayeona mwisho wa shida zake, akawaambia waanze wakiwa tayari. Akaondoa kidole. Kitufe kilibaki chini.

Dalali akamuuliza kwa sauti ya chini, wakishaifikisha kanisani na kuugusa ule upande wa kulia, itakuwaje? Yule fundi akajibu, naomba mlisikilize jibu lake vizuri:

"Watadhani wameiharibu wao. Hawa ni watu wa kwaya, bwana. Yule mama ataona aibu hata kunipigia simu."

Msicheke. Nimesikia huko kushoto mtu amecheka. Huyu mtu hakuwa anaficha njia zilizokufa tu. Alikuwa amepiga hesabu ya aibu ya mwenzake. Alijua yule mama ni mtu mwenye haya, akaamua haya yake ndiyo itakayokuwa kufuli ya wizi huu.

Ng'ambo ya kioo, fundi akamwona mama amegusa sikio, akadhani anaiweka hedifoni vizuri. Waimbaji wakatazamana. Kisha mama akainua mkono, wakaimba. Waliimba wimbo wote, mpaka ubeti wa mwisho, na fundi akatikisa kichwa kwa ladha ya zile sauti.

Walipotoka, walitoka wameinamisha macho. Fundi akasema moyoni, akina mama hawa wana aibu kweli, hawajazoea studio. Alikuwa na haki ya kusema hivyo? Walikuwa na aibu, ndiyo. Ila hakuuliza ni aibu ya nani.

Mama akamsogelea, akamuuliza kwa upole kama meza ina tatizo lolote ambalo wangepaswa kulijua. Fundi akasema haina. Mama akamuuliza tena, kama mzazi anayemwuliza mtoto huku anajua chungu kimevunjikia wapi:

"Mwanangu, hakuna kitu ungependa kutuambia kabla hatujalipa?"

"Hakuna, mama. Ni nzima kama ilivyotoka kiwandani."

Basi mama akamwomba aingie naye chumba cha waimbaji, kuna kitu kwenye hedifoni anataka akisikilize yeye mwenyewe. Fundi akaingia, akina mama nyuma yake, akidhani ni waya umelegea. Akavaa.

Akamsikia dalali wake. Dalali alibaki peke yake pale mezani, amepiga simu, anamwambia mtu kwamba mama wa watu ameshaingia mkenge, haulizi hata njia zilizokufa. Fundi akamtazama kupitia kioo. Akaona midomo ya dalali inacheza, na kila neno linamfikia yeye masikioni, safi kabisa. Mitambo ile ya zamani ilikuwa na sauti nzuri, wapendwa. Hapo hakudanganya.

Akasimama hapo na hedifoni kichwani. Uso ulimwaka. Alitamani sakafu ipasuke, nayo sakafu ya studio ilikuwa na zulia zito, haikupasuka. Akina mama wote walikuwa wanatazama chini, kwa kumhurumia, ili asikutane na macho ya mtu.

Akauliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua: "Mmenisikia tangu lini?"

"Tangu kabla ya ubeti wa kwanza," mama akasema.

"Na mkaimba?"

"Tuliimba ili tupate nguvu ya kukutazama. Halafu nikakuuliza, ukakataa. Nikakuuliza tena. Nilikuwa nakuomba unisaidie nisikuvalishe hii hedifoni."

Mfano wangu unaishia hapo. Najua kuna watu hapa wanataka kujua kama meza ilinunuliwa, na kwa bei gani ya mwisho. Ninyi mmezoea mnada wa mavuno wa hapa kanisani, mtanisamehe. Mimi nilichotaka mkione ni vile vichwa vilivyoinama. Aliyetenda alikuwa ameinua uso, anatabasamu, anasema asante mama. Waliotendewa ndio waliokuwa na aibu. Aibu ilikuwepo chumbani tangu mwanzo. Ilikuwa imebebwa na wasiohusika.

Na sisi je?

Unamuuzia jirani ng'ombe unayejua hashiki mimba, kisha unamsikia akilalamika kwamba yeye hajui kufuga, majani yake labda mabaya. Unampa pole. Unampa hata ushauri wa majani. Baba unaimaliza pesa ya chakula huko unakokujua wewe, na mkeo ndiye anayekwenda kwa jirani kuomba unga, ananong'ona mlangoni, anasema ameisahau pochi. Ile aibu mlangoni ni ya nani?

Na hapa kanisani kwetu, tusiruke. Binti akipata mimba tunamtoa kwaya. Anakaa benchi la nyuma, kitenge amejifunika mpaka kidevuni. Kijana aliyempa mimba hiyo tunamfahamu, au tungeweza kumfahamu tungeuliza. Anapiga kinanda. Anapiga vizuri, nasi tunapiga makofi. Binti hamtaji kwa sababu ana haya, na sisi sote tumeegemea haya yake kama yule fundi alivyoegemea haya ya mama. Tumebandika utepe juu ya mahali palipokufa, tumeandika neno zuri.

Mimi naona aibu kusema haya, nanyi naona mmeanza kutazama viatu vyenu. Ni vizuri. Aibu ikirudi kwa mwenyewe, hiyo si laana. Mungu ametusikia tangu kabla ya ubeti wa kwanza, kitufe kimenasa siku nyingi, naye bado anatuuliza kwa upole kama kuna kitu tungependa kumwambia. Anauliza mara ya pili. Hataki kutuvalisha hedifoni ile.

Kwa hiyo leo sitawaambia mwinamishe vichwa tuombe. Yupo mtu, nyumbani kwako au mtaani kwako au benchi la nyuma humu ndani, ambaye ameinamisha kichwa kwa muda mrefu kwa ajili yako. Ukitoka hapa, nenda kwake kabla hujaenda kula. Mwambie: hukuharibu wewe. Nilikupa ikiwa imekufa, na nilijua.