Damu ya Nguchiro na Rozela ya Pimbi

Paukwa! Mbona mmeitika wawili tu? Paukwa! Pakawa! Haya, sasa nyamazeni.

Hapo zamani za kale palikuwa na vijana watatu: Nguchiro, Ngedere na Pimbi. Nimesema Nguchiro. Si Kicheche. Kila mara mnachanganya.

Nguchiro na Ngedere walioga katika bwawa la maji yaliyotuama, lenye konokono tele. Humohumo wakaenda haja ndogo. Shangazi Korongo aliwakataza, hawakusikia. Pimbi hakuoga, maji aliyaogopa.

Asubuhi moja mkojo wa Nguchiro ukatoka na damu. Akarukaruka.

"Nimebalehe! Tazameni, nimekuwa dume!"

Haukupita muda, Ngedere naye akatoa damu. Wakamgeukia Pimbi.

"Na wewe, je? Bado mtoto! Rudi kwa mama ukanyonye!"

Pimbi aliumia. Akaiba maji ya maua ya rozela ya mama yake, mekundu kama damu, akayamwaga nyuma ya jiwe.

"Jamani, njooni muone! Hata mimi!"

Wakamchezea ngoma.

Shangazi Korongo akaja. "Kubalehe gani huko? Hicho ni kichocho! Mayai yake hutoka na mkojo, vijidudu hukulia ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi mkiwa majini. Njooni mle, kisha mmeze dawa."

"Wivu huo, Shangazi," akajibu Nguchiro.

Tumbo likaanza kumuuma. Shangazi akarudi. "Meza dawa, mwanangu."

"Shangazi, ukubwa una maumivu yake."

Ukubwa! Basi akakonda, akashindwa kusimama. Ngedere akaogopa, akameza dawa. Shangazi akaja mara ya tatu, akamkuta Nguchiro amelala chini, macho yamezama.

"Meza, utakufa!"

"Mbona Pimbi anatoa damu kama mimi, na anaparamia miamba? Ingekuwa ugonjwa, si angelala hapa?"

Wote wakamtazama Pimbi, aliyesimama kando. Akisema, atachekwa. Akinyamaza, rafiki yake atakufa.

"Ilikuwa rozela," Pimbi akanong'ona.

"Nini?"

"Rozela! Ya mama! Mimi sijatoa damu hata tone. Mlinicheka, nami nikadanganya."

Nguchiro akatoa macho. "Kwa hiyo ninakufa peke yangu?"

"Peke yako, na kwa ukaidi!" Shangazi akafoka. "Fumbua kinywa!"

Nguchiro akala uji kidogo, akameza dawa. Ilikuwa chungu, ikampa kizunguzungu, lakini akapona. Pimbi naye alichekwa mpaka masika yakaisha.

Wajukuu zangu, mkojo wenye damu si alama ya ukubwa. Ni ugonjwa. Ukiuona, mwambie mzazi upesi, uende ukatibiwe; usimwige mwenzako, wala usimdanganye. Na mahali pa haja ni chooni. Si bwawani. Nimechoka kusema.

Ngano yangu nimeitua hapa. Iliyo njema bebeni, iliyo mbovu niachieni. Na yule aliyekaa nyuma, nywele zimelowa na mvua haijanyesha, asidhani simwoni. Kesho ninampeleka hospitali mimi mwenyewe.